Zile Herufi Chini ya D

Wasee, kama una gari ya otomatiki, ama unaazimanga ya mzazi, ama wewe hubebwa tu kando ya dereva, hebu angalia gia. P, R, N, D. Hizo nne kila mtu anazijua. Sasa angalia chini ya D. Utaona 2 na L. Ama S na B. Ama 3, 2, 1. Gari zingine zina kitufe kidogo pembeni kimeandikwa O/D. Hizo zote zinafanya nini hapo?

Uliza madere watano, utapata majibu matano. Ni za matope. Ni za kukimbiza gari. Ni za kuvuta trela. Ni za mzungu na baridi yake. Na lile jibu maarufu kuliko yote: usiguse, utaua giaboksi. Kuna mtu amemiliki Fielder miaka sita na mkono wake haujawahi kuvuka D.

Leo nataka tuongee historia ya hizo herufi, na niko na hoja moja tu. Watu waliounda giaboksi ya otomatiki walijua tangu siku ya kwanza kwamba haioni mlima. Kwa hivyo walimwachia dereva kazi moja, wakaiweka pale chini ya D. Sisi tulipokea gari, hiyo kazi tukaipoteza njiani. Na hii ni nchi ya miteremko.

Mjerumani, meli na feni mbili

Hadithi haianzi na gari. Inaanza na meli. Hermann Föttinger alikuwa injinia katika kiwanda cha meli cha Vulcan, mji wa Stettin, Ujerumani. Shida yake ilikuwa hivi: injini mpya za mvuke za wakati huo zilizunguka kwa kasi sana, lakini panga la meli linataka kuzunguka polepole. Unaunganishaje hivyo viwili bila kuvunja meno ya gia? Mwaka 1905 akapata hataza ya wazo lake: tumia majimaji.

Kulielewa ni rahisi. Weka feni mbili zikitazamana. Washa moja. Upepo wake utaanza kuzungusha ile nyingine, ingawa haijawashwa. Sasa toa upepo, weka mafuta, funga zote mbili ndani ya chungu kimoja cha chuma. Hiyo ndiyo toki konvata ya gari yako leo. Upande mmoja umeshikana na injini, mwingine na giaboksi, na katikati ni mafuta yanasukumana. Ndiyo maana unaweza kusimama kwa jam ukiwa kwa D na injini haizimi.

Lakini kuna bei. Upande wa injini ukizunguka haraka kuliko upande wa pili, ile tofauti haipotei hewani. Inageuka kuwa joto, na joto linaingia kwa mafuta. Shika hapo, tutarudi.

1939: "Lo" ilikuwepo kabla ya "P"

Oktoba 1939, kampuni ya General Motors ilitangaza Hydra-Matic kwa gari za Oldsmobile za mwaka 1940. Ndiyo otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi duniani. Injinia aliyeongoza kazi hiyo ni Earl Thompson, yule yule aliyekuwa amebuni mfumo wa kulainisha gia za manyuo ambao Cadillac ilianza kuutumia mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukiitaka Hydra-Matic, ulikuwa unaongeza dola 57. Ilikuwa na gia nne, na hakuna pedali ya klachi.

Sasa sikia hii. Gia yake ilikuwa na nafasi nne: N, Hi, Lo, R. P haikuwepo! Kuegesha, ulizima injini ukaweka R. Kwa hivyo kabla mtu yeyote hajafikiria herufi ya kuegeshea, tayari walikuwa wamefikiria Lo. Otomatiki ya kwanza kabisa, na tayari kuna nafasi ya dereva kusema, "Hapa usipandishe gia, mimi naona kitu wewe huoni."

Vita ikaja. Jeshi la Marekani likachukua injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili, likazitia ndani ya kifaru kidogo cha M5, halafu baadaye M24. Otomatiki ikapanda na kushuka vilima vya vita ikiwa na tani nyingi za chuma mgongoni.

Na miaka hiyo hiyo, huku kwetu, wafungwa wa vita kutoka Italia walikuwa wanachonga barabara kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, kutoka juu kule Limuru hadi chini Mai Mahiu. Lile kanisa dogo unaloliona kando ya barabara ukifika chini, walilijenga wao, mwaka 1942. Naitaja kwa sababu hivyo vitu viwili, giaboksi na barabara, vilizaliwa karibu wakati mmoja pande mbili za dunia. Vilikuja kukutana baadaye sana, na aliyevikutanisha hakupewa maelezo.

Jinsi kushuka kulivyoingia kwenye sheria

Baada ya vita, otomatiki ikawa fasheni Marekani. Mwaka 1948 Buick ikaleta Dynaflow, laini kama siagi. Ukiwa kwa D haikubadilisha gia hata kidogo, iliachia toki konvata kazi yote. Lakini hata hiyo ilikuwa na L, na L ulikuwa unaichagua wewe mwenyewe kwa mkono.

Mwaka 1952 Hydra-Matic ikaongezewa nafasi ya pili ya kwenda mbele. Ya kwanza iliruhusu gia zote nne, ya pili ilizuia ya nne isiingie. Kwa nini umzuie dereva asitumie gia ya juu aliyoilipia? Kwa sababu ya milima na jam. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Buick na Chevrolet zilikuwa na otomatiki zenye nafasi maalum ya kuizuia gari mteremkoni, si kitu kingine. Yaani mtu ameketi ofisini, amechora herufi nzima kwa ajili ya kushuka tu.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1966 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari, na kutoka humo kukatoka kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1968. Kanuni namba 102 inahusu giaboksi. Watu huikumbuka kwa sababu ilisema N lazima ikae kati ya kurudi nyuma na kwenda mbele. Lakini ina kipengele kingine: gari ya otomatiki yenye zaidi ya gia moja ya mbele lazima iwe na nafasi ambayo injini inaizuia gari zaidi kuliko gia ya juu kabisa, ikiwa chini ya kilomita 40 kwa saa.

Soma tena polepole. Ile L unayoambiwa usiguse si pambo. Kule Marekani gari haiwezi kuuzwa bila kitu kama hicho.

Wajapani walikuwa wameshaingia. Toyota ilitoa Toyoglide mwaka 1959, gia mbili. Mwaka 1969 ikaanzishwa Aisin-Warner, ubia kati ya Wajapani na Wamarekani, na giaboksi zake zikaenda mbali. Huku Uholanzi, DAF ilikuwa imeleta gari ya mkanda mwaka 1958, babu wa hizi CVT zetu ambazo hazina gia za kuhesabu. Na kwa sababu CVT haina "gia ya pili", Toyota nyingi za aina hiyo zikapewa S na B. B ni ya breki, breki ya injini. Herufi imebadilika, kazi ni ile ile ya 1939.

Kilichopotea Mombasa

Sasa tuje nyumbani. Gari nyingi tunazoendesha zilitumika kwanza Japani, zikateremshwa Mombasa zikiwa hazijapita miaka minane, kwa sababu ndiyo sheria yetu. Zinakuja na kila kitu: redio inayoongea Kijapani, stika za Kijapani, na ukibahatika, kitabu cha maelezo, pia kwa Kijapani. Ukurasa unaoeleza S na B uko pale. Hakuna anayeusoma.

Kwa hivyo tulijaza pengo na tulichokijua. Na tulichokijua kilitoka kwa wazee waliojifunzia manyuo zenye kabureta. Enzi za kabureta, injini iliendelea kunyonya petroli hata ukishuka umeachilia mafuta. Mzee akiweka gari huru kwa mteremko, alikuwa anaokoa kitu, ingawa kwa kucheza na roho yake. Lori zimefanya hivyo miaka mingi, na mteremko wa Salgaa ukapata jina baya kwa hiyo tabia.

Gari ya sasa haiko hivyo. Ina kompyuta. Ukishuka ukiwa kwa gia, umeachilia mafuta, magurudumu ndiyo yanazungusha injini, na kompyuta inafunga petroli kabisa. Ukiweka N, injini haina wa kuizungusha, kwa hivyo lazima ichome petroli isizime. Umeelewa? N kwa mteremko inakula mafuta zaidi. Tunahatarisha watu ili tupate hasara.

Na giaboksi yenyewe inaumia. Pampu ya mafuta yake inaendeshwa na injini. Ukiwa kwa N, injini iko chini inapumua, pampu inasukuma kidogo, lakini magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani kwa kasi ya kilomita 80. Halafu unarudisha D ghafla na klachi za ndani zinalazimika kuungana kwa kuteleza. Hapo ndipo zinaungua.

Sitaki kutumia misiba ya watu kutafuta laiki. Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa Migaa, karibu na Salgaa. Julai 2022, basi lilitumbukia kwa daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakaisha. Hizo ni gari kubwa, kila ajali ina sababu zake, na sisemi kwamba N ndiyo iliyoua. Ninachosema ni kwamba tunajua kwa majina sehemu ambazo mlima hausamehi, na bado tunashuka huko tukitegemea pedali moja.

Mtungi wa lita 20

Kwa nini pedali moja haitoshi? Fanya hesabu. Gari na abiria, kilo 1,500. Imeshuka mita 500 kwenda chini, mteremko wa kawaida ukitoka juu ya Bonde la Ufa. Nguvu ya kushuka huko, ikigeuzwa yote kuwa joto, inatosha kuchemsha mtungi mzima wa lita 20 wa maji baridi. Huo mtungi unauchemshia wapi? Ukishuka kwa D na mguu kwa breki, sehemu kubwa ya huo moto unaishia kwa vyuma vinne vidogo karibu na magurudumu.

Pedi zikipata moto sana zinaacha kushika. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu kadiri yanavyozeeka. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwa 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Unakanyaga, pedali inaenda hadi chini, hakuna kitu. Wakati huo huwezi kuanza kusoma kitabu cha Kijapani.

Gia ya chini inagawa mzigo. Injini inageuka kuwa breki, na joto lake linatoka kwa rejeta na ekzosi, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hivi ndivyo inavyofanywa.

Amua kabla mteremko haujaanza, si katikati. Achilia mafuta. Punguza mwendo kwanza kwa breki, kisha shusha hatua moja: zima O/D, ama toka D uende S ama 3. Sikiliza. Injini itapaza sauti na mshale wa mizunguko utapanda. Hiyo sauti si kilio, ni gari ikifanya kazi. Mradi mshale usikaribie eneo jekundu, uko sawa. Kama gari bado inakimbia, breki tena, kisha shusha hatua nyingine. L na B ni za sehemu kali, ukiwa polepole. Usitoke D kwa kilomita 100 ukavuta hadi L. Gari za kisasa kompyuta itakataa, za zamani usizijaribu. Kwa mvua ama ndani ya kona, usishushe gia kwa ghafla, magurudumu yanaweza kuteleza. Breki nazo, kanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo ushuke, achilia zipoe. Usiziegemee safari nzima.

Wazee wa manyuo walikuwa na msemo kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Wazo hilo hilo linafaa otomatiki.

Moto wa kupanda

Turudi kwa zile feni mbili. Giaboksi inapata moto zaidi wakati wa kupanda, umebeba watu saba na magunia ya viazi, nyuma ya lori linalotambaa. Hapo toki konvata inateleza sana, na mafuta yanapikwa. Ukiiacha kwa D, gari inapanda gia, inachoka, inashuka, inapanda tena. Zima O/D ama weka S, itulie kwa gia moja. Na ukisimama mlimani kwa jam, usiishikilie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Tumia breki. Ukifika juu baada ya kazi ngumu, usizime mara moja. Weka P, acha injini ipumue dakika mbili tatu ili mafuta yazunguke yapoe.

Yanapoea wapi? Kwa gari nyingi, ndani ya rejeta ya injini, kwa mrija uliofichwa mle. Ndiyo maana ukijaza maji ya mfereji na kutu ikala ndani, hauui injini pekee. Ule mrija ukitoboka, maji na mafuta yanachanganyika yanakuwa rangi ya yogati ya stroberi, na giaboksi inakwisha.

Hata hayo mafuta yana historia. Kwa miaka mingi mafuta ya otomatiki Marekani yalitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike vizuri bila kukwaruza. Mwaka 1970 nyangumi hao wakaingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kuisha, na watengenezaji wakalazimika kutafuta kemikali nyingine. Nakuambia hii ujue kwamba yale si "oili nyekundu" tu. Ni mchanganyiko uliopimwa kwa giaboksi fulani. Mafuta ya CVT na ya otomatiki ya kawaida si kitu kimoja, hata kama makanika anasema "yote ni sawa tu, boss". Yakinuka kuungua ama yakiwa meusi, usingoje.

Ninachodai

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hakuna profesa aliyenipa hii. Lakini siamini inahitaji digrii. NTSA ina daraja la leseni la gari ya otomatiki, B1. Sawa, basi kila anayelitaka apelekwe kwa mteremko wa kweli, aambiwe ashuke bila kuegemea breki, na mwalimu aangalie mkono wake. Si kuzunguka uwanjani na kusukuma kigari cha kuchezea kwa ubao wa mji wa mfano. Na kila anayeuza gari kutoka Japani aweke karatasi moja ya Kiswahili ndani: hii S, hii B, kazi yake ni hii.

Sababu ukifikiria, neno "otomatiki" ndilo limetudanganya. Tulisikia "inajiendesha". Wenyewe walioiunda hawakusema hivyo. Walisema itakubadilishia gia, halafu wakakuachia Lo, L, 2, S, B, miaka zaidi ya 80 mfululizo, wakikukumbusha kwamba mwenye macho ndani ya hiyo gari ni wewe.

Krismasi inakuja na watu wataenda ushago. Itume hii kwa grupu ya familia, hasa kwa yule anko wa kushuka na N. Mwambie kwa heshima. Akibisha, mwambie azime O/D akifika juu ya Mai Mahiu, asikilize injini ikishikilia gari, halafu akifika chini tuendelee kubishana.